Ufunguo Umepanda Basi

Alfajiri nilimshusha stendi ya Mbezi, basi la Dodoma.
Akaniaga kwa dirisha, akakimbia na begi lake,
na ufunguo mfukoni mwa koti.
Hakujua. Sikujua.
Gari lilijua.

Lililia mara tatu, likawasha taa ya njano,
kisha yule dada aliyemo ndani ya redio
akatamka sentensi yake ndefu ya Kijapani
ambayo mwaka wa nne huu tunaiitikia "ahsante, shoga,"
tukidhani anatutakia safari njema.

Nikateremka Kimara, nikapita Ubungo,
nikakunja Mandela nyuma ya malori ya makontena.
Injini ilinguruma kama siku zote,
maana likishawaka haliulizi tena:
lingenifikisha hata Mtwara,
mradi nisizime.

Buguruni, kituo cha mafuta. Skolastika wa pampu:
"Zima gari, mama."
Nikazima.
Ya elfu thelathini. Nikalipa, nikakanyaga breki, nikabonyeza.
Likanitazama kama mtu aliyesahau jina lako mbele ya wageni.

Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kwa nguvu. Kwa bismillahi.
Nyuma yangu bajaji mbili zikaanza honi.

Akaitwa fundi Semkiwa, na ndala zake,
bisibisi sikioni kama kalamu ya karani.
Hakufungua hata boneti.
"Ufunguo uko wapi?"

Nikaonyesha mkoba. Nikaumwaga mkoba wote kitini.
Akangoja mpaka nilipofika kwenye risiti za mwaka juzi,
ndipo akaegemea mlango:

"Mama, humu mna maongezi usiyoyasikia.
Ukigusa kitasa, ukibonyeza hapo, gari linanong'ona,
mnong'ono mfupi, haufiki hata ile pampu ya pili:
*Nani yupo?*
Ufunguo umelala mfukoni; unashtuka, unajibu:
*Mimi*, na neno la siri.
La leo si la jana. Wana hesabu moja vichwani,
kila mmoja anaipiga kivyake,
majibu yakioana ndipo usukani unalegea,
ndipo injini inapewa cheche.
Hicho kitufe unachokiponda
ni ombi tu. Si amri."

"Na betri ya ufunguo ikifa?"
"Unaugusisha na kitufe. Ndani kuna waya umeviringwa,
unaulisha umeme kidogo kidogo, uji wa mgonjwa kwa kijiko,
hadi ulitamke neno lake.
Mzima au mahututi, sawa.
Ila uwepo."

Nikampigia. Yuko Chalinze, anatafuna mahindi ya kuchemsha.
Nikasikia akijipapasa.
"Eh," akasema.
Eh ya miaka kumi na saba ya ndoa.

Pampu namba tatu wakaizungushia kamba.
Nikakaa humo ndani, joto, madirisha wazi, nikihesabu.
Bima nalipa mimi. Tairi za mbele, mimi.
Hiki kiti kimeshachukua umbo langu.
Na halinijui! Linajua kijidude cheusi
kama kipande cha sabuni ya kuogea;
angekishika mwizi, lingemwamkia shikamoo.

Saa nane na robo ikafika bahasha ya kaki,
imerudi na basi jingine, risiti elfu tano,
kwapani mwa kijana wa bodaboda.
Akainama dirishani aniulize jina.
Bahasha haijafunguliwa, jina sijalitaja,
mguu ulikuwa kwenye breki, kidole kikaenda chenyewe,
likawaka.

Limemwitikia yeye, mgeni, na kofia yake ngumu.

Skolastika akacheka mpaka akashika pampu.
Semkiwa akasema ufunguo wa pili ni laki mbili na nusu;
ule wa asili, wa pacha, labda uko Yokohama,
kwenye droo ya mtu, unangoja kuulizwa.
Nikamwambia kesho asubuhi, aje nyumbani.

Nikatoka taratibu kuelekea Tabata.
Yule dada akaanza sentensi yake.
Nikapunguza kasi, nikafunga vioo,
nikamsikiliza mpaka nukta.